Maji Ndani ya Tanki ya Perpétue

“Maji yaliingia na miguu yake? Nijibu, Ferdinand! Yalipiga hodi, yakafungua kifuniko, yakaingia?”

“Mama Perpétue, minakuambia mara ya mwisho, miye sijue.”

“Ya mwisho nitaisema miye. Nani aligusa moto yangu, hii pikipiki?”

Ferdinand fundi alikuwa amepiga magoti pembeni ya barabara ya mbio, karburateri mukononi, vidole vyeusi kushinda mawe ya volkano yaliyopangwa kandokando ya kona. Mbele yake alikuwa amesimamisha chupa. Esansi, yaani petroli, ilikaa juu, maji yakakaa chini, yametulia kama mugeni aliyeonyeshwa kiti. Watu waliokuja kuangalia majaribio ya siku ya posho, yaani Jumamosi, waliinamia chupa ile mumoja mumoja, na hakuna aliyehitaji shule ili aelewe: mutu alikuwa ametia maji ndani ya tanki ya pikipiki.

Perpétue alikuwa bado na joto la haya. Katika muzunguko wa pili, mbele ya watu wote, pikipiki yake ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika katikati ya kona wanayoiita Kona ya Bibi-arusi. Inaitwa vile kwa sababu siku moja gari la arusi lilishindwa kukata pale, likaingia moja kwa moja katika shamba la maharagi, na bibi-arusi akatoka na majani kichwani, akaendelea na arusi yake, na mwaka ule maharagi ya shamba lile yalizaa mapacha. Basi Perpétue akashuka, akasukuma. Na Chance Cirimwami, yule aliyeshinda mwaka uliopita na ambaye tangu siku ile anatembea kama lami yote ni ya babu yake, akapunguza mwendo kusudi amusalimie.

“Mama, leo uko unaichunga? Iko malisho muzuri kule mbele!”

Watu wakacheka. Mutu wa Masisi kama Perpétue hakosi kuambiwa habari za ng'ombe, hata akiwa juu ya pikipiki.

“Ni yule,” Ferdinand akanong'ona. “Angalia meno yake. Mutu wa roho safi haonyeshake meno yote.”

“Na weye, ju ya nini unaharakisha kunionyesha mutu mwingine?”

Ferdinand akaweka karburateri chini polepole. “Sasa ni miye? Miye mwenye nilifungua mbele ya macho yako, nikakuonyesha maji? Mwizi anakuonyeshaka mufuko yake?”

“Mwizi wa akili, ndiyo.”

Ferdinand akarudia kazi yake. Na Perpétue akaendelea kuchambua watu kwa macho kama anachambua muchele. Alimushuku muuza esansi wa chupa pale njia panda. Alimushuku kijana wa kushika drapo, ile bendera ya kuanzisha mbio. Alimushuku hata mbuzi wa zawadi, aliyefungwa kwenye kigingi karibu na mustari wa kumalizia, kwa sababu alikuwa anamuangalia bila kufunga macho.

Tena musimuone vibaya. Ile pikipiki ilikuwa miguu yake. Perpétue alizaliwa juu kule Masisi, katika vilima vilivyosimama vibaya hata ng'ombe wake wanazaliwa na miguu ya upande mumoja mifupi. Alikuwa musichana mudogo bado siku katekista wa kule alipoitwa kwenda kuombea mugonjwa, akapita kwanza mahali penye pombe ya ndizi, akashindwa kusimamisha pikipiki yake. Musichana akapanda yeye, akamufunga katekista mugongoni na kikwembe kama mutoto, akamufikisha. Wanasema mugonjwa alipowaona namna ile, alicheka mupaka akapona. Tangu siku ile Perpétue hakushuka tena. Vita vilipowateremsha Goma, wengine walikuja na magodoro. Yeye alikuja na kaske yake kichwani.

Kazi yake ilikuwa kuteremsha jibini, ile fromaji ya Masisi ya duara, ndani ya sanduku la mbao nyuma ya kiti, kwenye barabara ambayo mashimo yake yana mashimo madogo ndani. Barabara ile ndiyo ilimufundisha kulala upande, kuinuka, kuokoa gurudumu mahali ambapo mwingine angekwisha kusema sala ya mwisho. Siku ya mbio alitoa sanduku, akatoa vioo na taa za kukata kona, akaandika namba yake kwa dawa nyeupe ya viatu. Hakuna aliyemulipa. Anayeshinda anapewa mbuzi, na jina lake linaitwa katika kipaza sauti. Lakini muulize mutu aliyekaa wiki nzima nyuma ya malori anakula vumbi, muulize kama anataka kitu zaidi ya barabara yenye kufungwa kwa ajili yake.

Jioni ile, akirudi nyumbani Ferdinand akimusaidia kusukuma, wazo moja lilimusimamia Perpétue katikati ya kifua. Pikipiki inalala mu salon, katikati ya viti vya wageni. Chance hana ufunguo wa salon. Ferdinand hana. Muuza esansi hana. Watoto walikuwa likizo kwa mujomba wao. Waliobaki ndani ya nyumba ni mama mukwe, bibi Nyiramahirwe, aliyetoka Rutshuru kuwatembelea na ambaye anaogopa hata kufungua redio. Na Havugimana, bwana yake.

Havugimana alikuwa mushonaji. Mutu mupole, wa maneno machache, ambaye ukimutukana anakuuliza kama umekula. Lakini siku zile upole wake ulikuwa umevimba. Alikuwa anaosha pikipiki ya muke wake kila jioni bila kuombwa. Mwanaume gani anaosha kitu cha muke wake bila kuombwa? Alikuwa anauliza: “Kona gani njo mubaya zaidi? Ukianguka, unaangukaka na goti gani?” Swali gani lile? Na mbaya kushinda zote: muchana mumoja Perpétue alipojilaza kidogo baada ya chakula, alifungua jicho, akamukuta Havugimana amepiga magoti kando yake, utepe wa kupimia mukononi, anamupima kutoka kiunoni mupaka kwenye kisigino. Akafunga jicho haraka. Nani anapimwa akiwa amelala? Anayepimiwa sanduku.

Na kulikuwa na jambo la maziwa. Siku familia ya Havugimana ilipokuja kumuomba, kaka ya Perpétue, Ntirenganya, alitoa neno moja tu mbele ya wazee wa pande mbili: musichana huyu musimushushe kwenye pikipiki. Havugimana akakubali. Wakamupa maziwa katika kibuyu, akanywa mbele ya wote, akarudisha kibuyu kikavu. Kwa watu wao, neno ulilolinywea maziwa halitapikwi. Akilivunja, muke hahitaji kesi wala kikao. Anabeba mufuko wake anaenda kwa kaka yake, na hakuna mutu atakayemuuliza kwa nini. Ntirenganya alikaa Sake. Si mbali.

Basi jioni ile Ferdinand akamwaga tanki yote, akaisuuza na esansi safi, akaijaza upya. Perpétue akainusa, karibu aionje. Wakaingiza pikipiki mu salon. Nyumba ilipotulia, Perpétue akachota majivu ya mbabula, lile jiko la makaa, akayachekecha chini kuzunguka magurudumu, mepesi kama unga wa kuandalia mandazi. Kisha akalala na sikio moja wazi. Lile sikio likasinzia kushinda lingine.

Asubui ya siku ya yenga, siku ya misa na ya mbio, majivu yalikuwa yamesema. Alama za kamambili, ndala za mupira. Ya kuume nzima, ya kushoto imeumwa na mbwa kwenye kisigino. Goma nzima kulikuwa na mutu mumoja tu mwenye kamambili ya namna ile. Perpétue akafungua karburateri, akaacha mafuta yatiririke katika glasi. Maji tena.

“Havugimana! Kuja uone miguu yako.”

Akatoka na muswaki mudomoni. Akaangalia majivu. Akaangalia miguu yake. Kisha macho yake yakaenda kwenye pazia la chumba ambamo mama yake alikuwa anavaa kwa ajili ya misa, yakakaa pale, yakarudi. Perpétue aliyaona yakienda na kurudi, akafikiri: anatafuta njia ya kukimbilia.

“Ni kamambili yangu,” akasema.

“Kamambili haitembeake peke yake. Jana maji yalikuwa na miguu, leo kamambili iko na akili?”

“Basi sema ni miye.”

“Sitaki niseme miye. Nataka useme weye.”

Havugimana akafuta povu la dawa kwenye kidevu. “Ni miye. Imekwisha.”

Mutu akikataa, unapigana naye. Akikubali upesi vile, unabaki na mikono hewani. Perpétue akaingia chumbani, akashusha mufuko juu ya kabati, akatia vikwembe vyake ndani.

“Ulikunywa maziwa, Havugimana.”

“Nilikunywa.”

“Nitakimbia mbio yangu. Mbio ikikwisha, nakuja kubeba hii mufuko.”

Lakini nyumba ile haikosi misa hata dunia ikipasuka, na kule kwao dunia inapasukaka kweli. Wakaenda wote watatu. Perpétue aliimba nyimbo zote akiwa ameuma meno. Misa ilipokwisha, wamama wakapanga mustari na chupa zao kungojea maji ya baraka, na bibi Nyiramahirwe akajipanga nyuma yao. Perpétue akamushika mukono namna mukazana anavyomushika mama mukwe wake mbele za watu. Akaona chupa ya bibi ni tupu kabisa, na ilijazwa yenga iliyopita.

“Mama, ile ingine ilikwisha?”

“Ilikwisha, mwana wanjye. Ile moto yako inakunywaka kushinda muzee Nizeyimana, ule mulevi wa kwetu.”

Masikio ya Perpétue yalisimama kama ya sungura. “Inakunywa?”

“Siku za kwanza nilikuwa nainyunyizia inje tu.” Bibi alisema bila kuficha, tena kwa furaha, ili wamama wa mbele nao wasikie. “Kisha nikajiuliza: kitu iko na tumbo, unaibariki mugongo tu, itasaidia nini? Mutoto wa wenyewe anaenda kukimbia na wale wanaume wenye wazimu, na moto yake imebarikiwa ngozi tu? Nikafungua kifuniko, nikaipa. Sasa naipa kila siku mbele ya kulala, nikitoka mu choo, na kamambili ya mutoto wangu ikingali mu miguu. Jana niliipa mingi, ju leo njo siku yenyewe.”

Mawe yote ya volkano ya Nyiragongo yalipanda katika koo la Perpétue. Lakini mukazana hamuambii mama mukwe wake kwamba ameharibu kitu. Ukimuambia, bibi haongei. Anafunga kifurushi chake siku ile ile, anarudi Rutshuru, na hatakanyaga tena mulango wako. Na kila arusi na kila kilio utaulizwa ni namna gani ulimufukuza mutu muzima aliyekuombea heri. Perpétue akameza jiwe moja moja.

“Murakoze, mama,” akasema. Asante. Akamushikia chupa ijazwe.

Havugimana alikuwa amesimama mbali, chini ya kengele, kofia mukononi, anaangalia viatu vyake. Ungefikiri moyo wa Perpétue ulilainika pale pale. Haukulainika. Ulifanya kazi haraka kuliko injini yake. Bibi asiyejua kufungua redio, nani alimuonyesha kifuniko cha tanki? Mutu anayetaka kushusha muke wake kwenye pikipiki, na ambaye alinywa maziwa asiweze kufanya kwa mukono wake, si anaweza kutumia mukono wa mama yake? Mukono ambao hakuna mukazana ataugusa? Kumbe! Mutu mupole!

Kwenye barabara ya mbio, nyuma ya depo za zamani za kahawa upande wa Mugunga, Ferdinand alimwaga tanki tena, akasuuza tena, akajaza tena, mudomo umefungwa.

“Ferdinand.”

“Nafanya kazi, mama. Siye batu wa kushukiwa tunafanyaka kazi kimya.”

“Haikuwa weye.”

“Andika ile kwenye kaske yako, batu basome.”

Perpétue alipogeuka kuchukua kaske, akakuta furushi juu ya kiti cha pikipiki. Ndani ya kikwembe kulikuwa jaketi na suruali, ngozi nzito ya bluu ya viti vya lori, imeshonwa mara mbili kwenye mabega na viwiko. Magoti yalikuwa na vipande vya bidoni ya manjano ya kuchotea maji, vimekatwa duara, vimetandikwa sifongo ndani. Nyuma ya kamba, karibu na yule mbuzi, Havugimana alikuwa anajifanya anaangalia mawingu.

Perpétue hakusema asante. Alikagua kila mushono. Alivuta nyuzi kwa meno, akitafuta ile moja iliyoachwa legevu kusudi ifunguke kwenye kona. Hakuipata. Alipima urefu kutoka kiunoni mupaka kwenye kisigino, na ulikuwa wake kabisa. Basi siku ile hakuwa anapimiwa sanduku. Akavaa. Ilimukaa kama alizaliwa nayo.

Drapo ilipoanguka, kelele ilipanda, hata kuku wa Sake waliacha kutaga mupaka mwezi uliofuata. Perpétue aliondoka wa sita. Akawala watatu kwenye mustari wa moja kwa moja, akamula mwingine kwenye kona ya depo, na katika muzunguko wa tatu alikuwa amekwisha kuona mugongo wa Chance Cirimwami, karibu kiasi cha kusoma jina la duka kwenye shati lake. Wakaingia Kona ya Bibi-arusi. Chance akakata inje. Perpétue akakata ndani, akalala, akalala tena, mupaka goti likagusa lami na ile bidoni ikaanza kuimba. Wale waliosimama pale wanaapa kwamba iliimba sauti ya kwanza, na pikipiki ikaitikia sauti ya pili.

Kisha gurudumu la mbele likakimbia.

Lami ikamupeleka kwenye mawe ya volkano, yale mawe ambayo yakikugusa yanakutoa ngozi kama unamenya kiazi, mawe yakamupeleka katika shamba, na maharagi yakamupokea. Havugimana alikuwa amekwisha kuruka kamba. Hakuna aliyemuona akiruka, walimuona tu yuko upande wa pili, anakimbia na viatu vyake vya misa. Perpétue akasimama. Akajigusa mabega. Akajigusa viwiko, magoti. Ngozi ya lori ilikuwa imechanika juu. Ya chini, ile ya pili, ilikuwa nzima. Na yake mwenyewe, ya kuzaliwa nayo, haikuwa hata na mustari.

“Rudi nyuma ya kamba, watakufukuza!” akamufokea Havugimana. Akainua pikipiki, akapiga teke, ikawaka, akamaliza wa ine. Chance alishinda mbuzi, na mbuzi akakataa kusimama, ikabidi amubebe mabegani kama mutoto mugonjwa.

Waliporudi nyumbani, bibi alikuwa bado kwa jirani kwenye sala za wamama. Perpétue akakaa mu salon kwa nguo yake iliyochanika, mufuko magotini. Havugimana akakaa kwenye kiti cha mashine yake ya kushona. Pikipiki ilisimama katikati yao, inanuka majani.

“Nitaenda kwa Ntirenganya, ao sitaenda,” Perpétue akasema. “Ni weye utasema. Si weye ulitia maji. Usinikatishe! Najua si weye, na najua ni nani. Nilijua tangu misa.”

Havugimana akageuka kwenye kiti chake. “Basi unauliza nini?”

“Ule mutu, weye ulimutuma?”

“Apana.”

“Alijua kufungua tanki namna gani? Mutu mwenye anaogopaka redio.”

“Nilikuwa naisafisha, yeye anakaa kando yangu.” Alisema polepole, kama mutu anayetembea juu ya mayai ya mwenyewe. “Akaniuliza kama pale njo mudomo yake. Nikasema ndiyo, njo mudomo. Nilifikiri anataka kujua tu. Nimejua leo asubui, Perpétue, wakati nimeona majivu. Kama ningejua mbele, ningekunywa yale maji miye mwenyewe, yote.”

“Na ukaona afazali niende?”

“Niliona afazali ukasirikie miye. Kama ningekuambia ju yake leo asubui, vile ulikuwa, ungefanya nini?”

Perpétue akafikiri kwa haki. “Ningepiga kelele mupaka samaki za ziwa kule Vitshumbi zipande inchi kavu.”

“Sasa unaona.”

Perpétue akamuangalia namna anavyoangalia mutu anayemuapia kwamba jibini lake ni la jana: usoni kwanza, kisha mikononi, kisha usoni tena. Vidole vya Havugimana vilikuwa na matundu ya sindano, mengi, ya kupigana na ngozi nzito. Perpétue akafungua kamba ya mufuko. Akatoa kikwembe kimoja, akakiweka juu ya kiti. Akatoa cha pili.

“Lakini asubui nabeba fromaji,” akasema, sauti imeshuka. “Akiipa tena leo? Nitazimikia njiani na sanduku muzima. Lazima mutu amuambie. Weye ni mutoto yake.”

“Nimuambie nini? Kama baraka yake inaua moto?”

“Muambie polepole! Muambie kama moto haikunywake ile, kama inatosha mugongo. Muambie kama yeye njo alifanya hata jana niliaibika mbele ya—”

Pazia la mulango likasogea. Bibi Nyiramahirwe akaingia, rozari shingoni, akavua viatu vyake vya kanisa, akamuangalia mutoto wake, kisha mukazana wake.

“Nani alifanya nini?” akauliza. “Semeni, semeni, miye napita tu.”

Havugimana akainamia mashine yake, akaanza kukanyaga, na hakukuwa na kitambaa ndani. Perpétue akachukua kikwembe kilichokwisha kukunjwa, akakikunja tena.